Safu ya Maelezo

Siku za mwizi ni arobaini, na za Nusu Dakika zilitimia. Ndiyo kwanza alikuwa anatoka kwenye jaribio la mwisho kabla ya mitihani, wino ungali vidoleni, alipomkuta karani wa redio ya chuo akimsubiri mlangoni pa maktaba. Karani alikuwa analia.

"Nisamehe, mdogo wangu. Mimi nilidhani nachapa kazi."

"Umefanya nini, dada?"

"Zile fomu za matangazo ya mjomba wako. Nilizikuta zimekunjwa ukingoni. Nikasema, hawa watoto hawajui kutunza karatasi. Nikazikunjua zote, moja moja, nikazinyoosha kwa rula, nikatoa kopi. Moja nimempelekea yeye dukani leo asubuhi, nyingine nimempa Mlezi wa redio."

Nusu Dakika akashika ukuta.

"Mjomba amezisoma?"

"Hakuzisoma mwenyewe," karani akajibu, na hapo kilio kikamzidi. "Alikuwa anakata kioo cha miwani, mikono haina nafasi. Akamwambia msaidizi wake, nisomee. Na wateja walikuwa wanne kwenye benchi."

Fomu hizo zenyewe hazikuwa na makuu. Redio ya chuo iliishi kwa matangazo ya watu waliowataka wanafunzi: wenye vyumba vya kupanga, shule za udereva, wasusi, wauza laini za simu. Nusu Dakika, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, ndiye aliyeyatafuta matangazo hayo na ndiye aliyeyasoma, na jina lake alilipata kwa sababu lolote alilopewa alilimaliza kwa sekunde thelathini, isizidi wala isipungue. Kila tangazo lililorushwa liliandikwa kwenye fomu: tarehe, saa, mwenye tangazo, saini ya msomaji, saini ya fundi wa zamu. Safu ya mwisho kabisa iliitwa Maelezo. Mwisho wa muhula mwenye tangazo alipelekewa kopi, aone kwa macho yake kwamba maneno yake yaliwafikia vijana.

Safu ya Maelezo iliwekwa kwa ajili ya mambo kama umeme kukatika. Nusu Dakika na fundi mitambo wa redio waliipatia kazi nyingine.

Wangefanyaje? Binti aliishi kwa mjomba wake, kaka wa marehemu mama yake, mwenye duka la miwani mkabala na lango la chuo. Nyumbani humo simu zote zililala sebuleni juu ya kabati, na sheria ya mjomba ilikuwa moja tu: habari za wanaume mpaka digrii iwe mkononi. Basi Nusu Dakika alisoma tangazo mchana, studio ikiwa na watu, akaandika neno kwenye safu. Fundi alilikuta jioni wakati wa kufunga mitambo, akajibu. *Limerushwa saa saba kamili. Umekohoa mwishoni, umekunywa maji?* Kesho yake: *Limerushwa. Maji nimekunywa, koo linakutaka wewe.* Na siku nyingine: *Limerushwa. Kesho usivae ile ya kijani, nashindwa kuhesabu sekunde.* Siku ya kutoa kopi Fundi alikunja ukingo wa kila karatasi kwa nyuma, safu ikafichika, mambo yakaenda. Mwaka mzima yalikwenda. Safari hii fomu alishazikunja zote, zikisubiri kunakiliwa, akatumwa kutafuta kipuri cha mtambo siku mbili. Karani mwaminifu akaona asimsubiri.

Wateja wanne wakasikia habari za ile ya kijani.

"Fundi yuko wapi?" Nusu Dakika akauliza.

"Studio. Anafungasha." Karani akajifuta uso kwa mtandio. "Kimbia, mdogo wangu. Basi lake ni la saa nane."

Akakimbia. Saa sita na dakika arobaini alikuwa anasukuma mlango wa studio, kile chumba cha chini ya ngazi kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili mwangwi usiingie kwenye kipaza sauti. Fundi alikuwa amechuchumaa, anazungusha waya kwenye kiwiko chake. Hakuinua kichwa. Mkoba wake ulikuwa mezani, umeshafungwa.

"Unakwenda wapi?"

"Nimepata kazi kwenye redio nyingine. Mbali."

"Umeipata lini?"

"Leo asubuhi. Nilipiga simu."

"Asubuhi ya leo tu, na mchana unaondoka? Bila kuniambia?"

"Ningekuandikia wapi?" Fundi akasema. "Safu imeshajaa."

Ulikuwa utani wake wa kila siku, ila leo haukuwa na chumvi. Nusu Dakika akaja akaukanyaga ule waya ili asiendelee kuuzungusha. Hapo Fundi akainua macho, na yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekesha.

"Niambie ukweli. Mlezi amekufukuza?"

"Nimejiandikia barua mwenyewe. Nimesema maandishi yote kwenye safu ni yangu. Nilikuwa najifurahisha kwa kuandika kwa miandiko miwili. Wewe hukujua lolote."

"Miandiko miwili! Hata kipofu akipapasa atajua wangu na wako haifanani!"

"Mlezi hataki kulinganisha miandiko, Nusu. Anataka jina moja. Fomu ile ni hati ya chuo, aliyeichezea anakwenda mbele ya kamati ya nidhamu. Mwanafunzi akifika mbele ya kamati hafanyi mitihani mpaka kesi iishe, na kesi zao unazijua. Utarudia mwaka. Mimi si mwanafunzi, mimi ni mfanyakazi. Wananiachisha kazi, basi, yameisha."

"Yameisha kwako!"

"Yameisha kwetu sote."

Alilisema hilo huku anaangalia ukutani, akihesabu trei za mayai kana kwamba hakuwa amezibandika yeye. Nusu Dakika akamshika kidevu, akamgeuza. Mwaka mzima wa mapenzi ya kwenye karatasi, na mara ngapi walikuwa wamegusana? Zilihesabika.

"Niangalie, halafu uniambie hunipendi. Ukiweza, ondoka."

"Sikupendi," Fundi akasema.

Alilisema upesi mno. Nusu Dakika alikuwa amesoma matangazo ya kutosha kumjua mtu anayesoma asichokiamini.

"Nani amekutuma?"

Fundi akaanza tena kuuvuta waya.

"Fundi, nani amekutuma?"

"Nilikwenda kwa mjomba wako asubuhi," Fundi akasema mwishowe, akaketi sakafuni hapo hapo kati ya nyaya. "Nilijitayarisha kutukanwa. Nilivaa hata viatu vya kukimbilia. Nimefika, ameniangalia, ameangalia lile benchi. Nadhani hakujua aanzie wapi. Akaniambia kaa kwenye kiti. Nikakaa. Akanipima macho."

"Alikupima macho?"

"Yote mawili. Nusu saa nzima. Hii unaionaje, na hii je, bora ya kwanza au ya pili. Akasema jicho la kushoto ni bovu tangu utoto, nashangaa umeishije. Akaandika vipimo kwenye daftari lake. Ndipo akavua miwani yake, akaifuta, akaniambia, 'Baba, dada yangu aliniachia mtoto mmoja na neno moja. Neno lenyewe ni asome amalize. Nakuomba uondoke.'" Fundi akavuta pumzi. "Aliniomba, Nusu. Angenifukuza ningebaki."

Nusu Dakika naye akaketi. Alitamani kumkasirikia mjomba wake akashindwa, kwa kuwa alimjua. Ni mjomba aliyejifunza kumsuka nywele, yeye binti akiwa na miaka sita, vidole vya kukatia vioo vikihangaika na kichana. Ni yeye aliyenunua tangazo la saa saba kila siku ya masomo wakati kila mwanafunzi analiona duka lake akitoka getini, na alipoulizwa la nini, alisema biashara matangazo. Msaidizi wake ndiye aliyetoboa siri: ikifika saa saba mzee huacha kila kitu, husogeza redio karibu na sikio, na hahudumii mtu mpaka nusu dakika iishe.

"Kwa hiyo mmekaa wanaume wawili mmeniamulia," alisema. "Yeye ana neno lake na wewe una basi lako. Mimi nina nini?"

"Una digrii."

"Nitailalia hiyo digrii? Itaniuliza kama nimekunywa maji?"

"Nusu, basi."

"Sitaki basi! Nipeleke. Nichukue hivi hivi nilivyo, na hii kalamu. Huko uendako hawahitaji msomaji?"

"Nikuchukue nimpe nini mjomba wako? Nimwachie redio?" Fundi akafunika uso kwa viganja. "Usinifanyie hivi. Nimetumia asubuhi nzima kujifunza kusema sikupendi, na umeona mwenyewe nilivyoharibu."

Mfa maji haachi kutapatapa. Nusu Dakika alifungua mdomo apate neno la kumzuia, lolote, hata la uongo, na mlango ukafunguliwa. Mlezi wa redio aliingia na faili kwapani. Alikuwa mwalimu wa sheria, mtu mzima mwenye sauti ndogo, asiyemchukia mtu na asiyependa karatasi chafu. Saa ya ukutani ilionyesha saba kasoro dakika sita.

"Vizuri, mpo wote," alisema. "Binti, barua ya huyu nimeipokea. Limebaki tamko lako. Mstari mmoja tu: sikuhusika na maandishi ya safu ya Maelezo. Ukitia saini, faili nalifunga leo, Jumatatu unaingia kwenye mitihani."

"Na nisipotia?"

Mlezi akamtazama bila ubaya.

"Usiniulize hivyo, mwanangu. Tia saini."

Karatasi ikawekwa juu ya meza, kalamu juu yake. Kwa nyuma ya Mlezi, Fundi alikuwa anatikisa kichwa kwa kuomba: tia, tia, tia.

"Kuna tangazo la saa saba," Nusu Dakika akasema. "Niache nisome kwanza."

"Kwa kuwa ulikuwa na jaribio, la leo lilirekodiwa kwa sauti ya huyu Fundi. Nimeagiza litolewe."

"Nitasoma moja kwa moja."

Mlezi akaangalia saa, akakubali. Tangazo la mteja mkubwa halirukwi, hilo hata mwalimu wa sheria analijua. Nusu Dakika akaingia kwenye chumba kidogo cha kipaza sauti, akafunga mlango, akavaa vipokea sauti. Ng'ambo ya kioo Fundi akakaa kwenye mitambo kwa mara ya mwisho. Akainua mkono wenye vidole vitano. Vinne. Vitatu. Binti alivitazama vile vidole vikipungua, akaona ni yeye anayepungua. Taa nyekundu ikawaka.

"Mwanafunzi," akaanza, na sauti ikatoka nzuri kama siku zote, "ubao umeanza kukukimbia? Unaketi mbele lakini unanakili kwa jirani? Usione haya. Duka la Miwani, mkabala na lango kuu la chuo. Njoo na kitambulisho chako, macho upimwe bure. Huenda mwaka mzima umepita karibu na…"

Akanyamaza.

Maneno yaliyofuata yalikuwa *kitu kizuri na hukukiona*. Aliyaandika yeye mwenyewe, mjomba akayasifu sana. Sasa yalikataa kutoka. Sekunde ikapita, ya pili, ya tatu. Nyuma ya kioo Fundi alikuwa anazungusha kidole: endelea, endelea. Kwenye bwalo wanafunzi walikuwa wameshusha vijiko, maana redio ikinyamaza kila mtu huisikia. Na ng'ambo ya lango, mzee mmoja alikuwa ameisogeza redio sikioni.

"…na kitu kizuri na hukukiona," akamalizia. Sekunde thelathini na tatu.

Angezima kipaza sauti hapo, na hadithi hii ingekuwa fupi. Mkono wake ulishafika kwenye swichi. Ukarudi.

"Mjomba," akasema, "najua unanisikiliza. Yale uliyosomewa mbele ya wateja, nusu ni mwandiko wangu. Hakuna aliyeniandikia. Nisamehe kwa aibu, lakini kwa maneno yenyewe siwezi kukuomba msamaha, maana nikikuomba nitakuwa nasema uongo. Ulinilea nisiwe mwongo. Hapa mezani kuna karatasi inataka niwe. Sitatia saini. Nikirudia mwaka nitarudia, na digrii ya mama nitaileta, mjomba, itachelewa tu. Nimemaliza."

Akazima. Ukimya wa trei za mayai ukamfunika.

Kumwaga mtama penye kuku wengi ndiko huko, na kuku wa chuo kizima walishaokota. Akatoka. Mlezi alikuwa amesimama na tamko lake tupu mkononi, amekunja uso kama mtu aliyeumwa na jino.

"Umejifungulia kesi mwenyewe, mwanangu," alisema. "Sasa hata mimi siwezi kukufichia."

"Najua, mwalimu."

Nusu Dakika akavuta fomu ya siku hiyo. Akaandika tarehe, saa, Duka la Miwani, akatia saini yake. Kwenye safu ya Maelezo akaandika: *Limerushwa. Limezidi.* Kisha akaisukuma fomu kwa Fundi, mahali pa saini ya fundi wa zamu.

Fundi hakuigusa. Machozi yalikuwa yanamtiririka, wala hakuyafuta.

"Umefanya nini?" alisema. "Nilikuwa nimeshakuokoa. Nilibakiwa na saa moja tu ya kuvumilia, nipande basi, wewe ubaki mzima. Sasa nimekukosa na wewe umekosa mwaka. Nani amefaidi, Nusu? Nani?"

"Sijui."

"Mimi siisaini karatasi inayokuzika. Kwanza si fundi wa hapa tena." Akatupa mkoba begani. "Kwaheri."

"Utaondoka tu?"

"Nilimpa mzee neno langu."

Mtu anayevunja neno lake kwa mzee asubuhi ile ile asingekuwa mtu aliyempenda. Nusu Dakika akabaki amesimama, mikono imening'inia, anamtazama akivuka nyaya kuelekea mlangoni. Alimtazama kisogo, akajiambia alikumbuke hicho kisogo kwa kuwa ndicho atakachobaki nacho.

Taa ndogo ya kijani ikaanza kuwakawaka mezani. Simu ya studio haina mlio, huita kwa taa. Mlezi akamwashiria apokee.

"Haloo?"

Upande wa pili palikuwa na pumzi tu, na nyuma yake kelele za wateja. Kisha sauti aliyoijua tangu utoto.

"Umezidisha sekunde arobaini na sita," mjomba akasema.

"Ndiyo, mjomba."

"Hujawahi."

"Ndiyo, mjomba."

Akasikia mzee anavua miwani, ile sauti ndogo ya mikono ya miwani kugusana.

"Mama yako naye alikuwa hivyo hivyo," alisema. "Akiambiwa nyamaza, ndiyo anaanza." Akakohoa, na kikohozi hakikuwa cha kifua. "Mlezi wako yupo?"

"Yupo."

"Mwambie nafunga duka nakuja. Sijui habari za kamati, lakini kama mtoto atasimamishwa mbele ya watu, atasimama na mtu wake. Na yule kijana?"

Nusu Dakika akageuka. Fundi alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, hajafungua.

"Yupo mlangoni."

Mjomba akamwambia maneno machache. Binti akayasikiliza hadi mwisho, akasema ndiyo mjomba, akaweka simu chini polepole.

"Amesema nini?" Fundi akauliza kwa sauti ya mtu anayesubiri hukumu.

"Amesema miwani yako itakuwa tayari Alhamisi."

"Alhamisi? Mimi si naondoka leo saa nane?"

"Anajua," Nusu Dakika akasema.

Fundi akaachia kitasa. Halafu akaushusha mkoba, akavuta kiti, akaisogeza ile fomu karibu, akaomba kalamu.